Vioo vya Frank Hurley na maji ya barafu

Mpiga picha Frank Hurley alizaliwa Sydney, Australia, mwaka 1885. Kamera yake ya kwanza, Kodak ya shilingi 15, aliipata akiwa na miaka 17, akailipia shilingi moja kila wiki. Tangu hapo hakuiacha kazi ya kupiga picha hadi alipofariki mwaka 1962: Antaktika, Papua, na vita vikuu vyote viwili.

Januari 1915 meli ya mvumbuzi Ernest Shackleton, Endurance, ilinaswa na barafu katika Bahari ya Weddell, Antaktika, Hurley akiwamo kama mpiga picha wa msafara. Kamera kubwa za Hurley zilitumia vioo badala ya filamu. Upande mmoja wa kioo umepakwa gelatini yenye chumvi za fedha, na hiyo ndiyo inayoshika mwanga. Gelatini ikilowa hufura na kulainika, kisha hata ukucha huichubua. Picha ikishasafishwa, kioo lazima kioshwe hadi dawa yote itoke, la sivyo baada ya miaka picha hugeuka manjano na kufifia. Kuosha huko ndiko kulikomtesa. Chumba cha giza, nyuma ya chumba cha injini, kilipashwa kwa jiko la Primus ili kisigande; tangi likipoa, vioo vilishikwa ndani ya donge la barafu.

Usiku wa Agosti 27, 1915, aliipiga meli picha gizani kwa baruti ya mwanga, yenye unga wa magnesiamu. Lenzi iliachwa wazi, milipuko ikafuatana mmoja baada ya mwingine, na kioo kikakusanya mwanga wote. Alitumia milipuko kama 20, kumi kati yake kwa ajili ya meli peke yake. Mingine aliificha nyuma ya vilima vya barafu, maana mlipuko ukionekana na lenzi huacha doa jeupe. Macho yalipofuka kwa muda, akawa anajikwaa na kutumbukia kwenye theluji.

Oktoba barafu iliivunja meli. Hurley alirudi melini kufuata vioo vyake, akatoboa ukuta, akavua nguo na kuzamia kwenye maji yaliyojaa vipande vya barafu. Vioo vilipona kwa sababu vilikuwa ndani ya makasha yaliyozibwa kwa kulehemu. Lakini kioo ni kizito, na mbele kulikuwa na mashua ndogo tu. Yeye na Shackleton walikaa barafuni, wakachagua takriban 120; vingine kama 400 akavivunja palepale ili asije akashawishika kuvirudia. Akabaki na Kodak ndogo ya mfukoni na filamu tatu, ambazo ilibidi zitoshe mpaka Agosti 30, 1916, walipookolewa Kisiwa cha Elephant.

Mwaka 1917, vitani Ulaya, alitengeneza picha kwa kuunganisha negativu (picha za awali za kwenye kioo au filamu) kadhaa kuwa picha moja. Charles Bean, mwandishi rasmi wa vita wa Australia, aliziita picha hizo za uongo. Kwa maoni yetu Bean alikuwa sahihi: picha ya namna hiyo iandikwe wazi kuwa imeunganishwa.

Vioo vya aina hii vimo pia katika makabati ya studio za zamani. Ukivikuta, vishike kwa kingo. Upande usiong'aa ndio wenye picha: usiuguse wala kuufuta kwa kitambaa chenye maji. Visimamishe wima, kila kimoja ndani ya bahasha yake ya karatasi isiyo na asidi. Viwili vikiwa vimegandana, usivibandue. Viache hivyo hadi mtaalamu avione.