Ancistrus sp.: maana yake, na namna ya kumtambua samaki wako

Nyumba ya kambare, husemwa, baba ana ndevu, mama ana ndevu, na watoto wana ndevu. Kwa Ancistrus msemo huo haufui dafu. Huyu ni kambare mdogo wa Amerika ya Kusini, anayefugwa kwenye matangi ya nyumbani kwa kazi yake ya kukwangua mwani kwenye vioo. Mwenye ndevu za haja ni dume aliyekomaa: vijinyama laini vinavyoota puani na kupanda hadi karibu na paji. Jike hana, au ana vifupi tu ukingoni mwa pua. Kwa hiyo ndevu zinakuambia jinsia na umri. Spishi, yaani aina yake hasa, hazikuambii.

Anza na jenasi, yaani kundi la spishi za karibu, kama Ancistrus. Wauzaji wengi humchanganya na kambare mwingine aitwaye pleko mkubwa, Pterygoplichthys, ambaye hupita sentimita 30 na kulijaza tangi dogo, ilhali Ancistrus wa kawaida huishia sentimita 12 hivi. Wakiwa wadogo urefu hausaidii, basi hesabu vijiti vya pezi la mgongo. Ancistrus wa kawaida ana mwiba mmoja mbele na vijiti laini 7. Pterygoplichthys ana vijiti laini 10 au zaidi. Kijiti cha mwisho hupasuka tangu kwenye shina na kuonekana kama viwili. Kihesabu kimoja, la sivyo utapata 8 na kujipa samaki usiye naye.

Huwezi kuhesabu pezi likiwa limelala. Mtie samaki kwenye chombo chembamba cha kioo chenye maji ya tangi lake, subiri atulie, kisha mpige picha ya ubavuni pezi likiwa limesimama, ya juu, na ya tumboni. Mhamishe kwa kopo, usitumie wavu. Mashavuni ana kulabu anazozichomoza akishtuka (jina Ancistrus lenyewe linatokana na neno la Kigiriki la ndoana), nazo hunasa kwenye nyuzi. Akishanasa usimvute, kata wavu.

Rangi ni shahidi dhaifu. Samaki yuleyule hupauka akiogopa na hukolea juu ya gogo jeusi. Albino mwenye macho mekundu, wa njano mwenye macho ya bluu iliyokolea anayeuzwa kwa namba ya L144 (namba hizi nazieleza chini), na yule wa mapezi marefu kama shela, hizo ni sura za ufugaji. Usizihesabu kuwa spishi.

Jina linalobandikwa ovyo kuliko yote ni Ancistrus dolichopterus. Yule wa kweli anatoka bonde la Rio Negro, Brazili. Ni mweusi mwenye madoa meupe, akiwa mchanga ana ukingo mweupe kwenye pezi la mgongo na la mkia, na vijiti vyake laini vya mgongoni ni 8 au 9. Ukihesabu 7, siye, hata risiti ikisema ndiye. Tofauti hii ina uzito: wa Rio Negro anataka maji laini, yenye asidi na ya moto kiasi, nyuzi 26 hadi 29, wakati wa kawaida anavumilia maji ya bomba ya aina nyingi, mradi yameondolewa klorini.

Namba za L zilianzishwa mwaka 1988 na jarida la Ujerumani la DATZ, kwa sababu samaki wa familia hii walikuwa wakiingia sokoni kabla wanasayansi hawajawapa majina. L183 ndiye dolichopterus, L34 ni Ancistrus ranunculus, mweusi na bapa. Lakini namba ni lakabu: spishi moja inaweza kubeba namba mbili au tatu.

Sasa "sp." ina maana kwamba jenasi inajulikana na spishi haijathibitishwa. "Cf." ina maana "linganisha na": Ancistrus cf. cirrhosus anafanana na cirrhosus, bila uhakika kuwa ndiye. Samaki wa kawaida wa madukani amezalishwa kwenye matangi kizazi baada ya kizazi, akachanganywa, na mto alikotoka umesahaulika. Bila mto huo, picha hata iwe nzuri kiasi gani haitakupa spishi, na anayekutajia moja kwa kuangalia rangi anabahatisha.

Unapogawa vifaranga, andika kwenye mfuko "Ancistrus sp., wa kawaida", na usimweke dume wa kawaida tangi moja na majike wa L183. Wakizaana, watoto wao hawatakuwa na jina lolote la kuandika.