Bao la rangi mbili

Shangazi yangu wa Lamu haachani na kijaluba chake: tambuu, popoo, chokaa, tumbaku kidogo. Juzi barazani aliniona nimekodolea macho nukta nyekundu na kijani kwenye kompyuta. "Mwanangu, siku hizi wachora leso?"

Nikamwambia ni bao hilo, ila badala ya mashimo 32 lina maelfu kwa maelfu, na kila shimo ni mahali pamoja kwenye kromosomu. DNA ya uvimbe naitia rangi nyekundu, ya mtu asiye na saratani naitia kijani, kisha nazimwaga pamoja juu ya kioo. Kila kipande hunasa kwenye shimo lake. Rangi zikilingana, nakala ni mbili kama kawaida. Nyekundu ikizidi, seli imejiongezea nakala. Kijani ikizidi, kuna kilichopotea. Hiyo ndiyo maikroarei.

Saratani ya kinywa ina mashimo yake ya mazoea. 11q13, mahali kwenye mkono mrefu wa kromosomu 11, huongezeka, nayo imebeba CCND1, jeni inayoisukuma seli igawanyike. 3p na 9p, mikono mifupi ya kromosomu 3 na 9, hupungua. Kwenye 9p21 yumo breki wetu, CDKN2A, jeni inayoizuia seli kugawanyika ovyo. Na upungufu huu waweza kuonekana mapema, kwenye baka jeupe tu la shavuni ambalo mwenyewe halimuumi. Baka la namna hiyo ndilo la kuogopwa zaidi.

Kinachonitoa jasho si mashine, ni nyama. Iliyokaa kwenye fomalini na nta hutoa DNA iliyokatikakatika. Tena uvimbe hauji peke yake, huja na misuli na damu. Nakala moja ikipotea, kipimo chetu, logi ya msingi wa 2 ya nyekundu kwa kijani, husoma −1. Seli zisizo na saratani zikiwa nusu ya mchanganyiko, husoma −0.4 tu. Niliwahi kupata "uvimbe" usio na badiliko hata moja, kumbe nimepima misuli ya ulimi! Sasa sikwangui kitu kabla ya kuitazama slaidi kwa darubini na kuzungushia kalamu palipojaa saratani.

Wala bao halioni yote. Kipande kikihamia kromosomu nyingine bila kupungua, kete hubaki zilezile. Herufi moja ya DNA ikibadilika kwenye TP53, jeni nyingine ya breki, vilevile. Hiyo yataka kusomwa herufi kwa herufi.

"Na popoo?" akauliza. Nikamwambia wataalamu wa saratani wa WHO waliitia kundi la 1, la visababishi vya saratani vilivyothibitishwa, mwaka 2004, hata isipochanganywa na tumbaku.

Akakitazama kijaluba. Kisha akafungua kinywa, akavuta shavu kwa kidole.

"Haya, nitazame."