Mbona bwana harusi anasikika kabla hajafungua mdomo?

Naediti video za harusi hapa Kigoma, na swali hilo nimeulizwa na wateja wengi. Sauti ikitangulia picha kidogo tu, simu inaita. Ikichelewa kwa kiasi hichohicho, kimya.

Wateja hawana makosa. Vipimo vya ITU, shirika la Umoja wa Mataifa la viwango vya mawasiliano, vinaonyesha kuwa mtazamaji huanza kushtuka sauti ikitangulia kwa milisekunde 45 hivi, ila ikichelewa huvumilia hadi kama 125. Ndivyo tulivyozoea. Simama pale Kibirizi, mtazame fundi anayegongelea misumari kwenye boti, mita mia kutoka ulipo. Nyundo inatua, mlio unakufikia karibu theluthi ya sekunde baadaye, maana sauti husafiri kama mita 340 kwa sekunde. Mlio kuitangulia nyundo? Hilo hakuna aliyewahi kuliona.

Ndani ya kichwa, mambo yanageuka: mwenye kasi ni sikio. Chembe za sikio la ndani husukumwa na mtikisiko wenyewe na kupeleka habari papo hapo, wakati jicho linasubiri mfululizo wa kikemia unaokula makumi ya milisekunde. Mlio ukikatika kwa milisekunde mbili tatu, sikio lenye afya linanasa. Taa ikiwaka na kuzimika mara 70 kwa sekunde, wengi wetu tunaona inawaka moja kwa moja.

Basi vikibishana kuhusu wakati, jicho husalimu amri. Mwaka 2000 Ladan Shams na wenzake walichapisha jaribio katika jarida la Nature: mmweko mmoja ukiambatana na milio miwili mifupi, watu huona mimweko miwili. Hata mlio na mwanga vikidumu muda uleule, mlio huhisiwa mrefu zaidi. (Kuhusu mahali, jicho ndilo bosi: spika iko pembeni, lakini tunasikia maneno yakitoka mdomoni mwa bwana harusi kwenye skrini.)

Kwa hiyo mimi natandika ngoma kwanza, picha baadaye. Video yangu ina picha 25 kwa sekunde, yaani kila picha milisekunde 40. Sauti ina sampuli, yaani vipande vidogo vya sauti, 48,000 kwa sekunde. Mkono wa mpiga ngoma ukikataa kukaa sawa na pigo, nauwahisha kwa picha moja. Sauti siigusi.