Hewa ya baridi bado ina joto

Watu wanakwambia ukitoa hita ya maji ya gesi ukaweka ya pampu ya joto, yaani inayovuta joto la hewa ya nje na kulipeleka kwenye maji, baridi ikija utaoga maji ya barafu, eti nje hakuna joto la kuvuta. Jamani si kweli. Angalia friza, ndani ni nyuzi -18 na bado joto linatolewa mle, weka mkono nyuma utalisikia, ndo kazi ileile tu. Japani hita hizi, kule zinaitwa EcoCute, zipo sokoni tangu 2001, zinapasha maji mpaka nyuzi 90, na hata Hokkaido, kaskazini mwa nchi kwenye theluji, zinatumika. Baridi ikizidi zinakula umeme zaidi, hilo sawa, ila kwa kawaida uniti moja ya umeme inaleta joto la uniti mbili mpaka tatu hivi, maana pampu haitengenezi joto, inalihamisha.