Siri ambayo rafiki wa mwanao hapaswi kuitunza

Mzazi akiwataja marafiki wa mwanawe, mara nyingi hofu yake ni makundi: bangi, pombe, utoro. Hofu hiyo ina msingi. Mwaka 2005 watafiti wa Marekani, Margo Gardner na Laurence Steinberg, waliwachezesha watu wa rika mbalimbali mchezo wa kuendesha gari kwenye kompyuta. Wenye miaka 13 hadi 16 walijihatarisha zaidi walipokuwa na wenzao. Watu wazima hawakubadilika.

Lakini huzuni huambukizana hata katika urafiki mwema kabisa. Wasichana wawili wa bweni moja, wanaopendana kwa dhati, kila usiku wanarudia yaleyale: ugomvi wa wazazi, ada isiyolipwa, mvulana asiyejibu ujumbe. Wanalia pamoja, na kesho wanaanza upya. Mwanasaikolojia Amanda Rose aliandika mwaka 2002 kwamba mazungumzo ya namna hii huenda sambamba na urafiki wa karibu zaidi, na pia na dalili zaidi za sonona na wasiwasi. Hivyo mtoto tunayemsifu kwa kutokuwa na makundi anaweza kuwa anaumia bila mtu mzima kushtuka.

Kuwatenganisha ni kosa, na shule zinazohamisha wanafunzi mabweni kwa sababu hii zinawaongezea upweke. Waacheni waongee, ila wazoeshwe kuuliza: sasa tufanye nini, na tumwambie mkubwa gani? Wapate pia muda wa mpira, kwaya au bustani, ambapo wako pamoja bila kuyarudia.

Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, kijana mmoja kati ya saba wa miaka 10 hadi 19 ana tatizo la afya ya akili. Katika darasa la wanafunzi 50, hao ni kama saba, na anayesikia kwanza “nimechoka kuishi” mara nyingi ni rafiki aliyeapishwa asiseme.

Waambieni watoto waziwazi: siri ya kujidhuru au kujiua haitunzwi, na anayeisema hajamsaliti mwenzake. Amwendee mwalimu wa malezi, matroni au shangazi. Tanzania na Kenya, mtoto hupiga 116 bila malipo.

Akikujia wewe, usimuulize kwa nini alichelewa. Mshukuru, hakikisha mwenzake haachwi peke yake na anafikishwa kwa mhudumu wa afya. Kisha mfuatilie na huyo mleta habari, kwani naye amebeba mzigo huo kwa siku kadhaa.