Buenos Aires si makao makuu ya Jimbo la Buenos Aires

Wengi hudhani kwamba jiji la Buenos Aires, mji mkuu wa Argentina, ndilo pia makao makuu ya jimbo lenye jina hilohilo. Sivyo. Jiji hilo halimo hata ndani ya jimbo.

Lilikuwamo hadi mwaka 1880, lilipotengwa na kukabidhiwa serikali ya taifa baada ya mapigano makali. Jimbo likabaki bila makao makuu. Gavana Dardo Rocha akaanzisha mji mpya, La Plata, tarehe 19 Novemba 1882, katika uwanda ulio kilomita 50 na ushei kusini mashariki mwa jiji. Ulichorwa wote kwanza karatasini: mraba mmoja, mitaa yenye namba badala ya majina, barabara za mshazari zikiukata, na bustani kila baada ya mitaa sita. Kwa maoni yangu ni miongoni mwa miji iliyopangwa vizuri kabisa Amerika Kusini. Gavana na bunge la jimbo wako huko mpaka leo.

Jimbo lenyewe ni kubwa mno, takriban kilomita za mraba 307,000, lina wilaya 135, na sensa ya 2022 ilihesabu watu zaidi ya milioni 17. Jiji lina takriban milioni 3 tu. Kinachowachanganya watu ni vitongoji: ukivuka mto Riachuelo kutoka jijini unaingia Avellaneda, nyumba hazikatiki, lakini tayari uko chini ya gavana wa La Plata.