Bia ya ngano isiyo na kilevi: yanayosemwa na yaliyo kweli

Katika hoteli za Nungwi, Kiwengwa na Paje, Mjerumani aliyetoka kukimbia ufukweni huenda akaagiza bia ya ngano isiyo na kilevi. Anayempelekea mara nyingi ni kijana wa Makunduchi au Wete ambaye hajaonja bia maishani mwake wala hana nia ya kuionja. Huambiwa kwamba kwa sababu hiyo hawezi kuijua nzuri na mbaya. Hilo ndilo kosa la kwanza. Sehemu kubwa ya hukumu ya kinywaji hiki hutolewa kwa macho na pua, na pua ya mtu aliyekulia kwenye karafuu ni hazina.

"Isiyo na kilevi, basi haina hata tone."

Si lazima iwe hivyo. Ujerumani, bia huruhusiwa kuandikwa *alkoholfrei*, yaani isiyo na kilevi, ikiwa na kilevi kisichozidi asilimia 0.5 ya ujazo wake. Bia ya ngano ya kawaida huwa na asilimia 5 hivi. Ile isiyo na kilevi kabisa huandikwa 0.0, na tofauti ya maandishi hayo mawili si ndogo. Tena nyingi kati yake hutengenezwa kwanza kuwa bia kamili, ndipo kilevi huondolewa. Si sawa na vile vinywaji vya kimea ambavyo havikuchachushwa.

Kwa Muislamu jambo hili ni zito. Hukumu yake aulizwe sheikh, asiulizwe mhudumu. Wajibu wa mhudumu ni kuisoma lebo na kuisema kama ilivyo. Nimewahi kusikia mgeni akijibiwa, "hii ni kama soda tu." Jibu la namna hiyo ni dhuluma, kwa sababu linamnyang'anya mtu haki ya kuamua juu ya dini yake mwenyewe. Haya hayana maana kwamba kinywaji hiki kinalewesha. Kwa mtu mzima mwenye afya, kulewa kwa asilimia 0.5 ni jambo gumu mno.

"Wameitia karafuu na ndizi."

Hapa ndipo ninapopenda kukaa. Bia ya ngano ya Bavaria, jimbo la kusini mwa Ujerumani, hunukia karafuu na ndizi mbivu, lakini hakuna karafuu iliyotiwa, wala ndizi. Kazi yote ni ya hamira. Nafaka ina asidi ya feruliki. Hamira ya bia hii huigeuza kuwa kemikali yenye harufu ya karafuu, ndugu wa eujenoli, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya mafuta ya karafuu zetu. Hamira hiyo hiyo hutoa isoamili asetati, nayo ndiyo harufu ya ndizi. Ukitaka kujizoeza, chukua karafuu kavu chache, zisugue kiganjani, nusa, kisha nusa bilauri. Hazitalingana, ila utaujua udugu wao.

Ngano yenyewe ina historia yake. Sheria ya bia ya Bavaria ya mwaka 1516 ilitaja shayiri, hopsi (maua machungu yanayoipa bia ladha) na maji tu. Kupika bia ya ngano kukawa haki ya pekee ya ukoo wa Degenberg, na mwaka 1602 haki hiyo ikamwangukia Maximilian, mtawala wa Bavaria. Siku hizi, ili bia iitwe ya ngano huko, angalau nusu ya kimea chake lazima kiwe cha ngano.

Sasa, isiyo na kilevi hunukia ndizi kidogo kuliko ile ya kawaida, na watu huidhani imechakaa. Haijachakaa. Kilevi huchemka kwenye nyuzi 78, lakini kiwandani hewa hupunguzwa ndani ya mtambo ili kitoke kwenye joto la chini zaidi, bia isiungue. Harufu ya ndizi ni nyepesi, hutoroka pamoja nacho; ya karafuu hubaki zaidi. Viwanda vingine husimamisha uchachushaji mapema. Hizo utazijua kwa utamu na kwa harufu ya nafaka iliyochemshwa.

"Ina ukungu, imeharibika."

Ukungu ule ni hamira na protini za ngano, na ndivyo inavyotakiwa. Suuza bilauri ndefu kwa maji baridi, iinamishe, mimina taratibu, bakisha kidogo chini ya chupa, zungusha, kisha malizia. (Ipo pia iliyochujwa ikawa angavu, hiyo haina cha kuzungusha.) Povu liwe jeupe, zito, lidumu. Likifa upesi, tazama bilauri kabla ya kuilaumu bia: mafuta kidogo tu ya jikoni yanatosha kuliua.

Iliyoharibika kweli ina dalili zake: harufu ya siki, harufu ya kadibodi iliyolowa, au chupa inayofoka povu ikifunguliwa bila kutikiswa. Kwa hali ya hewa yetu, kreti zikiachwa juani nyuma ya stoo, harufu hizo haziko mbali. Bia hii haina kilevi cha kuilinda na vijidudu, kwa hiyo inahitaji uangalizi zaidi ya ile ya kawaida.

Baridi nayo ina kipimo chake. Nyuzi 6 hadi 8 zinatosha. Ikikaribia kuganda, harufu zote hulala. Barafu isitiwe. Kipande cha limau kipelekwe pembeni, mgeni akiomba, kwa sababu hufunika harufu na kudhoofisha povu.

"Ni ya wanamichezo, basi haina madhara kwa yeyote."

Ni kweli kwamba kiwanda cha Erdinger na vingine huiuza kama kinywaji cha wakimbiaji. Lakini ina wanga na sukari: chupa ya nusu lita ina kalori mia na zaidi kidogo, na mwenye kisukari lazima aihesabu. Na mgeni akisema mwili wake haukubali mkate wa ngano, asipewe kabisa, kwani kuondoa kilevi hakukuiondoa ngano.